Kujiandaa kuanza chuo: usiishie kwenye mabegi

Mdogo wangu, nimekuelewa. Zimebaki wiki chache uanze chuo, mabegi yako tayari, ila unaogopa kuachwa nyuma kwa sababu shuleni ulizoea mwalimu wa kukusukuma. Hofu hiyo ina msingi: chuoni ni nadra mtu kukuuliza kama umesoma.

Ukipewa muhtasari wa kozi, usiutupie tu kwenye begi. Chukua kalamu, zungushia kila tarehe ya kukabidhi kazi na ya mtihani, angalia kila kazi ina asilimia ngapi ya alama, kisha hamishia zote kwenye kalenda moja. Hapo ndipo utaiona ile wiki ambayo kazi tatu zinagongana, uanze mapema.

Baada ya mhadhara, siku hiyo hiyo, funga daftari uandike unachokumbuka, halafu lifungue uone ulichoacha. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi saa za mwanzo. Kupitisha macho tu kwenye maandishi hukufanya ujione umeelewa, kumbe bado.

Vyeti, toa nakala za karatasi na uzipige picha pia. Ada lipa kwenye akaunti rasmi ya chuo tu. Matapeli huwawinda wanafunzi wapya kipindi hiki.

Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, nakuomba umwone mshauri wa wanafunzi au daktari, hata kama masomo bado yanakwenda vizuri.