Mvua ya miaka 100 si lazima ilete mafuriko ya miaka 100

Anayeanza kukadiria mafuriko huchukua mvua ya miaka 100, yaani yenye uwezekano wa 1% kufikiwa au kupitwa mwaka wowote, huiingiza kwenye modeli inayogeuza mvua kuwa mtiririko wa mto, kisha kilele cha mtiririko kinachotoka hukiita mafuriko ya miaka 100. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mto huitikia mvua pamoja na hali ya udongo ulioipokea.

Fanya hesabu hii kwa mkono kabla ya kugusa programu. Kwa njia ya CN (Curve Number, namba ya ardhi ambayo ikipanda, maji mengi zaidi hutiririka), S, yaani maji ambayo ardhi inaweza kuyashika, = 25400/CN − 254, na P ikiwa mvua, maji yanayotiririka ni (P − 0.2S)² ÷ (P + 0.8S), yote kwa milimita. Chukua mvua ya mm 100. CN ikiwa 70, zitatiririka kama mm 33. Udongo ukiwa umeshiba mvua za siku zilizotangulia na CN ikapanda hadi 85, mvua ileile itatoa mm 61. Karibu mara mbili, na kipimamvua kimesoma namba moja!

Kwa hiyo, ukiwa na data ya kutosha, endesha modeli mfululizo mwaka hadi mwaka, udongo uloe na kukauka wenyewe. Toa kilele cha kila mwaka, vipange kuanzia kikubwa, kisha kipindi cha kujirudia, kwa miaka, ni (n + 1) ÷ m, n ikiwa idadi ya miaka na m nafasi ya kilele katika safu. Unaweza kuzalisha miaka 1000 ya mvua kwa kompyuta, lakini kama imetokana na vipimo vya miaka 20, udhaifu wa miaka 20 umo humohumo.

Bonde dogo ambalo maji yake hufika chini kwa saa 2 halitaki mvua ya jumla ya siku. Kilele cha saa hizo chache kitazama ndani ya wastani wa siku nzima.

Kabla ya kurekebisha vigezo vya modeli ilingane na vilele vya kituo cha mto, uliza vilipatikanaje. Mara nyingi kilichosomwa ni kina tu, kikageuzwa kuwa mtiririko kwa mchoro wa uhusiano wa kina na mtiririko, uliorefushwa kupita kipimo cha juu kabisa kilichowahi kuchukuliwa mtoni. Maji yakishavuka kingo, mchoro huo haushikiki, nawe utakuwa unaifundisha modeli kosa la mchoro.

Kwenye ripoti, usiishie kuandika "miaka 100". Andika 1% kila mwaka, na kwa nyumba itakayokaa miaka 30, uwezekano wa kufikiwa na mafuriko hayo angalau mara moja ni 26%.