Hiyo 4,000 ya Dubai mnayoishangilia

Kamwene wa Iringa na Njombe, na ninyi wa Mbeya mnaouliza kila wiki: mtu akiandikiwa ofa ya kazi Dubai, dirhamu 4,000 kwa mwezi, asaini au aombe zaidi? Pale Mwanjelwa, Mbeya, naona hesabu imeshapigwa. Dubai mshahara haukatwi kodi, basi zote mfukoni, mwakani nyumba inaezekwa. Kodi kweli hakuna. Ila hakuna anayeuliza hiyo 4,000 imegawanywaje.

Soma barua ya ofa mstari kwa mstari: mshahara wa msingi, posho ya nyumba, posho ya usafiri, "nyinginezo". Waajiri wengi hupenda msingi uwe mwembamba na posho zinenepe, kwa sababu sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inapiga kiinua mgongo na saa za ziada kwa msingi peke yake. (DIFC, eneo la kifedha la Dubai, wana sheria yao, kazi za nyumbani nazo zina yake.) Chukua watu wawili wenye 4,000 ileile, mmoja msingi 1,600, mwenzake 2,400. Kiinua mgongo ni msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Ukiondoka kabla ya mwaka kutimia, hupati kitu. Baada ya miaka mitatu wa kwanza anaondoka na 3,360, wa pili 5,040. Saa ya ziada ya mchana, yenye nyongeza ya robo, mmoja analipwa 8.33, mwingine 12.50. Na bado majirani watasema wanapata sawa!

Kwa hiyo msikimbilie kuomba 4,500. Ombeni mgawanyo. Andika kifupi: "Nashukuru kwa ofa. Jumla naikubali, naomba msingi uwe 2,400 na posho 1,600." Bosi hukubali kirahisi zaidi, maana jumla ya mwezi haibadiliki. Akisema ndio utaratibu wa kampuni, hamia kwenye tiketi ya likizo ya kila mwaka, au malazi ya kampuni badala ya posho, au hela ya kujikimu mwezi wa kwanza. Mshahara unakuja mwezi ukiisha. Kitanda kinataka hela siku unayofika.

Kama ni ulinzi au usafi, usijisumbue na hayo. Wanaajiri watu wengi kwa mkupuo, kiwango kimoja. Uliza chumba kina vitanda vingapi, chakula kinatoka kwa nani, basi la kazini linalipwa na nani. Majibu yakikuridhisha, saini tu.

Wengine wote, bishaneni kabla ya saini. Ofa ikishasainiwa inaingia kwenye mfumo wa wizara ya kazi ya huko na mkataba unatakiwa kufanana nayo. Ile ahadi ya kwenye simu, "tutakuongezea baada ya majaribio", haimo humo. Majaribio hayaruhusiwi kuzidi miezi sita, basi waandike kiasi na tarehe.

Gharama za kukuajiri ni za mwajiri, kisheria. Dalali anayedai milioni za "kushughulikia viza" anakula kuku wako na mayai yake. Mama zangu wa Rungwe, tafadhali, shamba la parachichi lisiuzwe kwa hilo. Na viza ya kutembelea si ya kufanyia kazi, hata kama binamu alianzia hapo. Mkataba upelekeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, waupitie.

Mnaowaza kuleta mke: kudhamini familia kunataka mshahara wa 4,000, au 3,000 na malazi. Kwa karatasi mtakubaliwa. Kwa chumba na ada ya mtoto, mtalia.

Na wewe mwenye ajira hapo Mbeya, usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya ofa. Subiri kibali cha kuingia kitoke. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, kwa hiyo omba tarehe ya kuanza iwe walau wiki sita baada ya kibali. Wakilalamika kwamba wanakuhitaji wiki ijayo, waulize kibali kiko wapi.