Jibu: Feni na madirisha vinatosha kuondoa moshi wa sigara?

Dada, pole na kifua cha mwanao. Umeuliza kama feni na madirisha wazi vinatosha kwenye huo mgahawa wenu wa Mikindani, kwa kuwa mwenye mgahawa anasema moshi "unatoka wote". Hapana, havitoshi. Feni inauzungusha tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wazi kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa mtu mwingine, na kinga ya kweli ni watu kutovuta kabisa ndani. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na mtoto mwenye pumu unambana haraka.

Sheria ya kudhibiti tumbaku tunayo tangu 2003, na mwaka 2007 nchi yetu, Tanzania, iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku. Ila usianze na sheria, utaonekana umekuja na ugomvi. Mama lishe mmoja hapa Mtwara mjini nilimwendea alfajiri kabla wateja hawajajaa, nikamwonyesha binti yake mwenyewe anavyokohoa huku akisukuma chapati. Kesho yake visahani vya majivu havikuwepo mezani, na benchi la wavutaji lilihamia chini ya mkorosho, mbali na mlango. Hapo kwenye "mbali" pakazie sana, maana upepo wa bahari huurudisha moshi ndani.

Mwenye mgahawa wenu akikataa, mwone afisa afya wa kata. Kwa sasa mtoto msimkalishe humo, hata kwa kikombe kimoja cha chai.