Ikoni ya jahazi kupata ukungu ikiwa ndogo: angalia gridi kwanza

Habari ndugu. Umesema ikoni yako ya jahazi inapendeza ikiwa kubwa, ila ukiitoa kwa pikseli 32 mlingoti unageuka ukungu wa kijivu. Yalinikuta hayo hayo hapa Ngamiani, Tanga, nikichora mlango wa nakshi.

Kwanza angalia mlingoti umekaa wapi. Mstari wa pikseli 1 ukilala juu kabisa ya mstari wa gridi (ile mistari ya miraba inayotenganisha pikseli), nusu yake inaangukia pikseli ya kushoto na nusu ya kulia. Ndiyo hiyo kijivu. Usogeze nusu pikseli, au uupe unene wa pikseli 2. Kwenye Inkscape (programu ya kuchorea) fungua ukurasa wa 32 kwa 32, washa gridi kwa kitufe cha #, na hakikisha nodi (nukta zinazounda umbo) zinanasa kwenye gridi (kitufe cha %).

Halafu kamba na mabaharia, futa. Bakiza tanga, mlingoti na mwili wa chombo. Tanga lenyewe nodi 3 zinatosha. Mimi nilikuwa naweka 20, mkunjo ukajaa vinundu.

Ile ya pikseli 16 ichore upya, usiipunguze kutoka kubwa. Inachosha, najua, lakini itasomeka.