Nyumba ya Babu, Lipu ya Saruji na Salfa Juu ya Bati

Swali: Mhariri, salaam. Tumehamia Mikindani kwenye nyumba ya mawe aliyoiacha babu yake mume wangu, pamoja na shamba la mikorosho la ekari 3 lililokaa bila kuhudumiwa. Mwaka juzi fundi alipiga lipu ya saruji vyumba viwili. Sasa inavimba na kudondoka, na chini ya ukuta unatoka unga mweupe wa chumvi. Turudie kwa saruji nzito zaidi? Na tuanze lini, maana msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya ukungu, nao umefika? *Mama wa watoto watatu, Mikindani*

Jibu: Mama, msirudie saruji. Ikiwa nzito zaidi ndivyo itakavyoharibu zaidi. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunywa unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa hewani kupitia lipu. Saruji huziba njia hiyo. Maji yanabaki nyuma yake yakiwa na chumvi, na chumvi inapokauka hugeuka chembe ngumu zinazosukuma lipu mpaka iachie. Gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole: panapolia kama mtungi mtupu, lipu imeshaachana na jiwe.

Kabla ya lipu, malizeni habari ya maji. Tazameni kwanza bati: misumari iliyolegea, kutu kwenye maungio, kofia ya paa iliyopasuka. Mkibadilisha, chukueni bati la geji 28, ambalo ni nene kuliko la geji 30, na msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni. Halafu tokeni nje mtazame udongo. Nyumba za zamani mara nyingi zimezikwa na miaka ya kufagia na kumwaga taka, hadi ardhi ya nje imefikia sakafu au kuipita. Ishusheni iwe sentimita 15 chini ya sakafu, na iteremke kuelekea nje sentimita 5 kwa kila mita. Ila chimbeni kwanza shimo dogo la majaribio pembeni, muone msingi unaishia wapi. Msingi wa zamani unaweza kuwa mfupi, na mkiufukua ukuta utatitia.

Sasa lipu. Iondoeni kwa tindo na nyundo ndogo, mpite sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Nyundo kubwa hulegeza mawe. Chumvi ikwanguliwe kwa brashi kavu, msiioshe, maana maji huirudisha ndani. Chokonoeni maungio ya mawe kina cha sentimita 2 hadi 3 na myajaze upya.

Chokaa ya mfuko ilowekwe kwenye pipa kwa wiki 2 au zaidi, maji yakiwa yameifunika juu, mpaka iwe kama uji mzito. Mkipata chokaa hai, ile ya mabonge, tieni chokaa ndani ya maji, kamwe msimwage maji juu yake, kwa sababu huchemka na kurusha. Miwani na glavu ni lazima, na watoto wakae mbali. Msikubali chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yaliyovunjwa baharini. Miamba hiyo ndiyo mazalia ya samaki wa pwani yetu.

Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga wa mtoni, wenye chembe kali na uliooshwa. Mchanga wa ufukweni utawarudishia ile ile chumvi. Lowesheni ukuta, mpige tabaka lisilozidi milimita 10, msubiri siku 7 hadi 10, ndipo la pili. Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Huvuta hewa ukaa polepole, nayo huhitaji unyevu kufanya hivyo. Ikikauka haraka inakuwa unga mkiigusa. Upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti hukausha sana, basi tundikeni magunia ya korosho mbele ya ukuta, yakiwa yamelowa, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima. Rangi iwe chokaa pia. Rangi ya plastiki inaziba ukuta upya.

Kuhusu ratiba, salfa huwekwa kila baada ya siku 14, kiasi cha gramu 250 kwa mkorosho, hadi raundi 5, alfajiri kabla upepo haujaamka. Katikati ya raundi ndipo pa kupiga lipu. Mwaka huu kateni matawi makavu na yanayoburura chini tu. Upogoleaji mkubwa ungoje baada ya mavuno. Paa liwe limekwisha mwanzoni mwa Novemba. Na kabla ya kugusa mlango wa nakshi au kubomoa ukuta, ulizeni halmashauri, kwa kuwa Mikindani ni mji wa kale.

Swali: Nyumba yetu ya miti na udongo huku Nachingwea imeingiwa na mchwa kwenye nguzo. Tunapaka oili chafu, wanarudi. *Baba Shukuru*

Jibu: Oili inakaa juu ya mti tu, mchwa wanapita ndani na chini. Kateni sehemu iliyooza mpaka kwenye mti mzima, mkiwa mmeegemeza paa kwa nguzo ya muda, kisha kipande kipya kikae juu ya jiwe au zege lililoinuka sentimita 20 kutoka ardhini. Ukanda wa nusu mita kuzunguka nyumba uwe mtupu, pasiwe na kuni wala majani. Kila wiki kagueni mikanda ya udongo inayopanda kwenye nguzo na muivunje. Mikirudi mahali pale pale, fuateni njia hiyo mpaka chini, ndipo dawa ya mchwa ya msingi inapowekwa.

Swali: Newala maji ni ya kununua. Bati letu ni mita 8 kwa 10. Tutavuna kiasi gani? *Msomaji, Newala*

Jibu: Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati lenu ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 800, mkitoa moja ya tano inayopotea, ni lita 51,200. Tatizo la huku ni salfa ya majirani inayotua juu ya paa. Ikilowa hugeuka asidi taratibu, hula bati na kuingia kwenye tangi. Wekeni pipa la lita 200 lipokee maji ya kwanza ya kila mvua, ndipo gata ielekezwe tangini. Pipa hilo liwe na koki chini, mlimwage kila baada ya mvua.