Maswali yenu: bosi kasema "table it", mi nikakesha naandaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Dar, bosi wetu Mmarekani. Juzi kwenye kikao nimetoa wazo la bajeti ya visima akasema "let's table it", mi nikajua limepita, nikakesha naandaa slaidi 14, asubuhi nasimama kuziwasilisha watu wananiangalia tu. Nimekosea wapi jamani, na Kiingereza nimesoma mpaka chuo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kiingereza chako hakina shida, we umesikia cha Mwingereza na yeye kaongea cha Mmarekani. Kwa Mwingereza "table" ni kuleta jambo lijadiliwe, na sisi tumerithi huko, ndo maana hata Bungeni Dodoma utasikia hati zimewasilishwa mezani, yaani zimeletwa. Mmarekani yeye anamaanisha liwekwe pembeni kwanza, na mengi yakiwekwa pembeni hayarudi.

Na hujaanza wewe. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, ameandika kwenye kitabu chake cha Vita Kuu ya Pili, wakuu wa jeshi wa Uingereza walikuwa na waraka wanataka ujadiliwe haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani tunataka ku-"table", wenzao wakagoma maana kwao ni kuufungia kwenye droo, wakabishana weee mpaka wakaja kugundua kumbe wote wanataka kitu kimoja. Na hao Kiingereza ni lugha ya mama zao!

Slaidi usizifute. Mfuate bosi umuulize lini anataka wazo lirudi, akikupa tarehe basi lipo hai.

SWALI: Mwalimu nipo Marekani mwaka wa 2 huu, nilikuwa nafanya kazi ghalani. Msimamizi akanishika bega akasema "we have to let you go", nikamjibu asante nikijua kaniruhusu nitoke mapema. Kesho yake nikaenda na chakula changu kwenye hotpoti, kadi ya mlango ikakataa. Naona aibu mpaka leo.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, hiyo hotpoti imeniuma kweli. Ulichosikia ndicho kilichosemwa, neno kwa neno ni kumwachia mtu aende, ila kazini maana yake umeachishwa. Hata huku kwetu nani anamwambia mtu usoni nimekufukuza, tunasema amepunguzwa, au mkataba umeisha, neno linalainishwa ili msemaji asione vibaya halafu anayeumia ndo anabaki gizani. Aibu si yako. Habari nzito vile mtu anapewa wazi, na kwa maandishi.

Siku nyingine ukisikia "let you go" au "lay off" (kupunguzwa kazini) usiondoke hapo, uliza kwa maneno mepesi tu, kesho nije kazini au nisije? Saa zote ulizofanya kazi lazima zilipwe, hiyo ni sheria ya huko, na ulizia bima ya walioachishwa kazi kwenye jimbo lako kabla siku hazijapita, wengi wetu wanakosa kwa kutokujua tu kwamba ipo.

Na yule aliyeambiwa "break a leg", yaani vunja mguu, mlangoni kwa intavyuu akakosa raha siku nzima: umetakiwa heri. Ni msemo wa watu wa maigizo ya jukwaani, wao kumtakia mtu heri waziwazi wanaona ni nuksi, kama bibi zetu wasivyopenda mtoto mchanga asifiwe kanenepa.