GRACE na maji ya chini ya ardhi kwenye kata moja

Mdogo wangu, umeuliza kama data za setilaiti za GRACE zinaweza kukuonyesha maji ya chini ya ardhi kwenye kata yenu kwa ajili ya risechi ya chuo. Aisee hapo usijichoshe, haziwezi. Zile hazipigi picha ya maji, ziko mbili zinafuatana angani zimeachana kama kilomita 220 hivi, ya mbele ikikaribia sehemu yenye uzito mkubwa, mfano penye maji mengi, inavutwa kidogo inamwacha mwenzake, na huo umbali ndo unaopimwa, mabadiliko madogo kuliko unene wa unywele! Sasa kutoka juu kule inaona eneo la kama kilomita 300, kata yako inamezwa humo.

Badala ya kata chukua bonde zima la Ziwa Victoria, maji yaliposhuka 2005 na 2006 ilionekana kabisa. Alafu inajumlisha maji yote pamoja, kwahiyo toa kwanza maji ya ziwa na unyevu wa udongo ndo ubaki na ya chini ya ardhi. Kati ya 2017 na 2018 kuna pengo, GRACE ya kwanza ilikufa kabla mrithi wake GRACE-FO haijarushwa, usiunganishe mstari wa grafu pale. Data ni bure, we pambana upate vipimo vya visima vya kulinganisha.